Kadi ya Chama na Kikombe cha Maji

Mke wangu alimaliza darasa la saba, mimi niliishia la nne. Kwa hiyo kijiji kilipohitaji mwalimu wa kisomo cha watu wazima, aliitwa yeye. Ndio kwanza tulikuwa tumehamishiwa kijiji kipya upande wa Ngulyati, nyumba zimepangwa mstari, na wanawake wengi walikuja darasani kwa kusukumwa. Alichoogopa kila siku ni kwamba wataacha kuja.

Siku hiyo somo lilikuwa hewa, na kwa nini nyumba zetu mpya ziwe na madirisha. Bibi mmoja, jirani yetu, alikuwa hajatoboa hata tundu.

"Hewa ndiyo nini, mayu?" akauliza, akimwita mke wangu mama kwa Kisukuma. "Mkono wangu haujawahi kuikamata."

"Ina nguvu," mke wangu akamjibu. "Inaweza kubeba maji."

"Basi kesho itume mtoni, sisi tupumzike."

Darasa zima likacheka.

Kwenye semina ya Bariadi mke wangu alikuwa amefundishwa jaribio la kikombe cha maji na kipande cha karatasi ngumu. Karatasi ngumu hatukuwa nayo. Akanitazama nilipokaa nyuma, nami nikatoa kitu kigumu pekee kilichokuwa mfukoni mwangu: kadi ya chama.

Alijaza kikombe cha bati hadi ukingoni, akakifunika kwa kadi, akaibana kwa kiganja, akakipindua. Kisha akaondoa mkono. Kadi ikabaki pale pale, na maji yakabaki ndani.

"Chama kimeshika maji," bibi akasema taratibu.

Balozi wa nyumba kumi, aliyekuwa mlangoni akitazama mahudhurio, akapiga makofi. "Mmeona? Hiyo ndiyo nguvu ya chama." Wote wakapiga makofi.

Nilifurahi. Baada ya hapo nani angethubutu kuacha darasa? Mke wangu angeweza kunyamaza tu. Lakini alitoka nje, akarudi na jani pana la mkuyu, akajaza kikombe tena na kukipindua. Jani nalo likashika maji.

"Ni hewa," alisema. "Inasukuma kutoka chini."

Balozi akakunja uso. "Kwa hiyo, mwalimu, jani na kadi ya chama ni sawa?"

Neno moja la balozi lingetosha kulifunga darasa lile. Mke wangu akamjibu, kikombe bado kiko mkononi:

"Kwa kazi hii, ndugu balozi, ni sawa."

Ndipo bibi akasema, "Balozi, ondoka hapo mlangoni, unatuzibia hewa."

Balozi naye alicheka, ingawa alichelewa kidogo.

Kesho yake wanawake kadhaa hawakuja. Nadhani waliipenda zaidi habari ya kadi. Bibi alikuja, na baadaye akatoboa dirisha lenye ukubwa wa sahani.

Miaka mingi imepita, na mke wangu nimemzika msimu huu wa kuvuna pamba. Watu wanaokuja kunipa pole huniambia kwamba bado yupo nami, ni kama hewa, simwoni tu. Wanasema kwa wema, nami naitikia. Lakini yeye asingekubali. Hewa alituonyesha kuwa ipo. Yeye hayupo.

Kadi ninayo bado, imevimba, ina alama ya duara la kikombe. Asubuhi nafungua dirisha.