Stika za Boti ya Mkwe Wangu

Boti ile niliinunua kwa ajili ya binti yangu. Aliyeniuzia, mvuvi wa Majanji, upande wa Uganda, aliyekuwa ameamua kuacha ziwa na kuendesha bodaboda, alianza kwa kunionyesha injini, akidhani hapo ndipo tutakapovutana. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye ubavu. Ilikuwa boti ya faiba, ya buluu, na ubavu mzima ulikuwa umefunikwa kwa stika: timu ya mpira ya Ulaya, kanisa la uamsho, kampuni ya simu, Bikira Maria, bendera, na mbele kabisa uso wa mgombea mmoja aliyeshindwa uchaguzi, meno yote nje. Chini ya hayo yote kulikuwa na boti ya marehemu mkwe wangu.

Nieleze kidogo. Binti yangu aliolewa ng'ambo, Sio Port, upande wa Kenya, na kijana mvuvi. Nasema aliolewa, lakini kijana huyo hakuleta ng'ombe. Kwetu Wasamia, mzazi hakanyagi boma la binti yake wala hali chakula chake kabla ng'ombe hawajaja. Wengi hupata njia ya kulegeza. Analetwa mbuzi, au ahadi mbele ya wazee, na maisha yanaendelea. Mimi sikulegeza. Wakati huo nilikuwa karani wa ghala Tororo, na nilijiona mtu wa kufuata utaratibu. Kijana alituma ujumbe mara kadhaa kwamba anajipanga. Nikajibu kwamba akishajipanga nitakuja. Kisha akaugua, akafa. Siku ya mazishi nilipanda gari hadi Busia, nikavuka mpaka, nikafika hadi kwenye lango la boma lile nikiwa na suti, nikasimama nje. Niliwasikia wakiimba. Binti yangu aliniona. Hakuja langoni, nami sikuingia, na kabla jeneza halijashushwa kaburini nilikuwa njiani kurudi.

Baadaye shemeji zake waliiuza boti, ikavuka ziwa ikaja upande wetu. Binti yangu akabaki na watoto na biashara ya omena, dagaa wa ziwani, ambayo huku sisi tunaiita mukene, akinunua kwa wenye boti kwa bei waitakayo wao. Miaka ikapita. Mke wangu akafa. Nilistaafu nikarudi kijijini Lunyo kwenye nyumba ambayo nilikuwa nimeijenga kubwa kwa sababu nilitarajia wageni. Nilipopata habari kwamba boti ile iko Majanji na inauzwa, niliuza ng'ombe wangu nikainunua. Kisha nikampigia binti yangu simu. Nilimwambia tu aje Majanji kuna kitu chake. Akasema atakuja akimaliza soko.

Nilitaka aikute safi. Hayo ndiyo yaliyokuwa mawazo yangu yote: aikute safi, aipokee, na akishaipokea, labda tuanze kuongea kama watu.

Sikuwahi kubandua stika maishani. Asubuhi ile nilichuchumaa kando ya boti juu ya magogo yake nikaanza na Bikira Maria, kwa wembe, nikiwa na haraka na aibu. Wembe ukachana karatasi na kuacha gundi, na juu ya faiba ukaacha mikwaruzo. Jirani yangu pale alikuwa mama mmoja anayekaanga mbuta, yaani sangara, kwenye karai kubwa. Aliniangalia kwa muda, kisha akashindwa kuvumilia.

"Baba, wewe nabandua kama mtu nachuna mbuzi. Weka hiyo wembe. Ngoja jua ipande, stika ilegee yenyewe."

"Na gundi?"

"Mafuta ya taa. Kidogo tu, kwa kitambaa. Usimwage kama nawasha moto."

Alinikatia kipande cha jerikeni ya manjano, akakinoa ukingo wake kwenye jiwe. Nikangoja jua. Lilipopata nguvu, nikaona alichosema: stika inapata joto, inalainika, unainua kona yake kwa kipande cha jerikeni na kuivuta taratibu, ukiikunja nyuma juu ya mgongo wake wenyewe. Ukiivuta juu inakatika. Ukiivuta chini chini inakuja. Gundi inabaki kama makamasi, unaipaka mafuta ya taa, unasubiri, unafuta, unaosha kwa maji ya moto na sabuni ya unga. Timu ya mpira ilitoka. Kampuni ya simu ikatoka. Vidole vyangu vikawa vinanata kwenye kila kitu, hata kwenye kikombe cha chai.

Kazi hiyo ina ukimya wake. Wakati huo nilikuwa nikiishi siku nzima bila kusema neno zaidi ya salamu, kwa hiyo ukimya haukunisumbua. Kilichonisumbua ni kwamba sikuwa na mtu wa kumwambia, "Tazama hii imetoka nzima."

Vijana waliokuwa wakishona nyavu karibu nami walikuja kutazama.

"Mzee, hii boti ni ya nani?"

"Ya binti yangu."

"Bwana yake iko wapi?"

"Alikufa. Ilikuwa yake."

"Pole sana, mzee. Ng'ombe alileta?"

"Hapana."

Wakatazamana. Mmoja, mwenye kofia ya plastiki, akasema polepole kama anayepiga hesabu, "Sasa bwana hakuleta ng'ombe, na wewe naleta boti. Hii mahari nakwenda kwa kurudi nyuma."

"Mzee, iko na binti mwingine?" akauliza wa pili. "Mimi pia sina ng'ombe. Na injini yangu imekufa."

Wakacheka, na mama wa mbuta akawatishia kwa mwiko wa mafuta. Mimi pia nilicheka. Walikuwa wamesema kweli kuliko walivyojua, na walisema bila ubaya. Walirudi kwenye nyavu zao na pale kando yangu pakawa patupu kuliko kabla hawajaja.

Mgombea nilimwacha wa mwisho kwa sababu ndiye aliyekuwa mkubwa, na kwa sababu jua lilikuwa limemwivisha vizuri. Niliinua kona karibu na sikio lake, nikashika kwa mikono miwili, nikaanza kuvuta. Akaja. Alitoka mzima, kwa sauti ndefu ya kuchanika, kuanzia masikio, meno, hadi tai. Nilifurahi kama mtoto. Nikamgeuza nimtazame mgongoni.

Mgongoni mwake vilikuwa vimeganda vipande vya utepe mwekundu, ule unaong'aa ambao malori ya Malaba hubandika nyuma. Vilikuwa vimekatwa kwa mkono kuwa herufi. Nikatazama boti. Pale mgombea alipokuwa, buluu yote ilikuwa imepauka kwa jua la miaka ya mwanzo, isipokuwa mahali zilipokuwa herufi. Hapo buluu ilikuwa nzito kama siku boti ilipotoka kiwandani. Herufi zilisomeka vizuri kabisa. Lilikuwa jina ambalo mkwe wangu alimwita binti yangu nyumbani kwao. Sitaliandika hapa, kwa sababu si langu.

Nililitambua kwa sababu niliwahi kulisikia mara moja. Binti yangu alikuwa amenipigia simu kunisalimu, na nyuma yake sauti ya mwanamume ikamwita kwa jina hilo, kwa mzaha, kutoka chumba kingine, na yeye akacheka kabla hajarudi kwenye salamu zangu. Mimi nikajifanya mtandao umekatika.

Nilijaribu kuokoa utepe. Niliupasha moto, nikaupaka mafuta, nikaukwangua taratibu kutoka kwenye mgongo wa mgombea. Ukatoka nyuzi nyuzi. Hakuna herufi iliyobaki na umbo.

Na hapa nitasema nilivyofanya, kwa sababu kununua boti ni rahisi kusimulia kuliko haya. Nilichukua msasa wa maji, ule laini kabisa niliokuwa nimeununua Busia kwa ajili ya mikwaruzo ya wembe. Niliwaza hivi: kivuli cha herufi ni tofauti ya rangi tu. Nikisugua ile buluu nzito hadi ilingane na iliyopauka, jina litapotea, binti yangu ataikuta boti safi, na hatajua kamwe kwamba lilikuwapo na kwamba ni mikono yangu iliyolitoa. Niliona ni wema. Nikaanza kutoka herufi ya mwisho kurudi nyuma, nikimwagia maji, nikisugua kwa mizunguko midogo. Herufi ya mwisho ikafifia, ikaenda. Iliyo kabla yake ikafuata. Nilikuwa nafanya vizuri sana. Kazi yote ya siku ile, hiyo ndiyo niliyoifanya kwa ustadi.

Mama wa mbuta akasimama nyuma yangu na sahani.

"Baba, kula. Stika zote zimetoka. Sasa nasugua nini?"

Nikaweka msasa chini, nikapokea sahani, nikala nikiwa nimeipa boti mgongo. Sikuendelea tena. Ningependa kusema niliacha kwa sababu nilijirudi. Ukweli ni kwamba niliulizwa swali.

Binti yangu alifika mchana na mashua ya watu wanaoleta omena, akiwa na mwanamume mmoja wa makamo ambaye nilikuja kujua ni mmoja wa manahodha wao. Sikuwa nimemwona kwa karibu tangu msiba wa mama yake. Alikuwa amenenepa kidogo, na anatembea kama mtu ambaye watu wanamngoja mahali pengine. Alikunja goti kidogo kunisalimu, jambo ambalo sikulitarajia.

"Mulembe, baba."

"Mulembe, mama."

Aliitambua boti kabla sijasema. Alitambua hata kiraka kwenye ukingo. Akaizunguka polepole akiishika kwa kiganja, na mimi nikamfuata nyuma nikieleza habari za injini, jinsi plagi zilivyo mpya, mambo ambayo hakuniuliza. Alipofika mbele akasimama.

Alipitisha kidole kwenye herufi zilizobaki, moja baada ya nyingine, hadi kidole kilipofika mahali palipolainishwa.

"Zingine ziko wapi?" Tuliongea Kisamia, lakini maneno yalikuwa hayo.

"Nimezifuta."

"Ulijua ni nini?"

"Nilijua."

"Ukafuta tu."

"Utepe ulitoka na stika iliyokuwa juu yake, bila mimi kujua. Kivuli ndicho nilichokifuta nikijua. Niliogopa utakiona uniulize."

Akatikisa kichwa, si kwa hasira. Ilikuwa kama mtu anayesikia bei ambayo aliitegemea. "Alikata herufi hizi kwa wembe, usiku kucha watoto wakimshikia utepe, kwenye meza yetu ya kulia," alisema. "Wewe, baba, ile meza huijui hata rangi yake."

Ni kweli, siijui.

Nahodha akauliza kama apake rangi pale mbele ili pafanane. Binti yangu akamwambia pasiguswe. Halafu akanigeukia. "Boti naichukua. Watoto wanasoma. Asante, baba." Akasema asante hiyo wazi, mbele ya watu, ipasavyo. Nilikuwa nimeingoja asubuhi yote, na ilipokuja ikanipita.

Wale vijana wa nyavu walikuja kusaidia kusukuma. Boti ikateremka kwenye magogo, ikaingia majini, ikatulia. Nahodha akapanda, akashusha injini. Binti yangu akapandisha gauni, akaingia, kisha akabaki amesimama akishika ukingo, akinitazama.

"Kuna nafasi," alisema. "Ukitaka kuja, panda. Lakini ukija, utaingia ndani, na utakula. Sitaki mtu wa kusimama langoni."

Nilikuwa na miaka ya kujiandaa kwa maneno hayo. Watu wa Majanji walikuwa wamesimama wakitutazama, mama wa mbuta ameacha karai lake. Nikaangalia nguo zangu.

"Nanuka mafuta ya taa," nilisema. "Siku nyingine."

"Sawa, baba."

Aliitikia kwa sauti ileile wafanyabiashara wanayomjibia mteja anayesema naenda nitarudi. Nahodha akavuta kamba ya injini. Wakaondoka, na maji yaliyosukumwa na boti yakanifikia miguuni.

Mama wa mbuta alinikatia sabuni. Nikaosha mikono hadi viwiko, nikaosha tena.

Tangu hapo binti yangu hunitumia samaki. Kijana wa bodaboda huleta mbuta hadi Lunyo, aliyefungwa kwenye gunia lenye majani mabichi, na ujumbe kwamba ametoka kwa mama wa Sio Port. Sijaenda. Kila mara napanga, na kila mara napata sababu, na najua sasa sababu zangu zinavyofanana. Samaki anaowatuma ni wakubwa, wa sufuria ya watu wengi. Nakaanga kipande kimoja, nakausha vingine juu ya moto, na mwisho nawagawia majirani. Sijamwambia apunguze.