Uso Wangu Uliofungia Samaki

Kalenda zangu za kampeni zilikuwa nzuri kunishinda mimi mwenyewe. Kaka yangu mkubwa, aliyejipa ukuu wa kampeni bila kupigiwa kura na mtu, alinipeleka kwa mpiga picha nikiwa nimesukwa, nimepakwa poda na kuvishwa kitenge chenye mabega yaliyosimama. Mpiga picha akanikataza kucheka. Tulizichapa kalenda nyingi, tukazipanga sebuleni mpaka watoto wakakosa pa kukaa.

Nilikuwa nimefanya jambo la mtu mwenye kichwa kigumu. Miaka kumi na tisa nilizalisha akina mama katika wodi ya wazazi hapa Bunia, na miaka yote hiyo tuliwalaza wawili kwenye kitanda kimoja, huyu kichwa huku, yule kichwa kule. Niliandika ripoti hadi nikachoka. Siku moja mama mmoja alijifungulia sakafuni mbele ya mgeni mkubwa aliyekuja kukagua, na yule mgeni akaniambia kwa upole kwamba mambo ya vitanda huamuliwa Kinshasa. Nikamjibu kwamba basi nitakwenda huko Kinshasa. Wenzangu walicheka sana.

Mfanyakazi wa serikali akitaka ubunge hana budi kukaa kando ya kazi yake kwanza. Nikakaa kando, na nafasi yangu ikapewa mwingine wiki ileile. Nina watoto wanne, na baba yao alishatutangulia. Nikishindwa, sikuwa na pa kurudi, na vitanda vingebaki vilevile. Nilikuwa na hofu, lakini sikumwambia mtu.

Siku za kampeni zikaanza kupita, na hakuna aliyenijua. Nilizunguka mitaa, kaka akisema kwa niaba yangu, nikiwagawia kalenda wanawake ambao nilijua hata mishono yao ilipo, nao wakapokea kwa adabu, wakashukuru, wakaendelea na mambo yao. Iliniuma. Nikaanza kuwaona hawana fadhila, na kaka akazidi kunichochea: shukrani ya punda ni mateke, akasema, wala usishangae.

Ndipo tukafika sokoni, upande wa samaki wanaoletwa kutoka Tchomia, ziwani. Nilimpa kalenda mama mmoja muuza samaki wa kukaushwa kwa moshi, mwanamke mnene mwenye mikono myepesi. Aliitazama, akaniambia aksanti, kisha akaigeuza na kumfungia mteja samaki wawili. Mdomo wa samaki mmoja ulikuja kukaa sawasawa juu ya jicho langu. Hapo uvumilivu uliniisha.

"Mama, weye unafunga samaki na uso yangu?"

Mikono yake ikasimama. Hakunitazama. Aliinamisha kichwa upande mmoja, kama mtu anayesikiliza mvua ikianza kwenye bati la jirani.

"Sema tena," akasema.

Nikasema tena, kwa ukali zaidi.

"Ile sauti," akamwambia mwenzake wa meza ya pili. "Ni ule mama wa maternité. Alinigombeza siku ya mutoto yangu wa tatu mpaka nikasahau maumivu."

Miaka kumi na tisa, na hakuna mzazi hata mmoja aliyewahi kuuona uso wangu! Barakoa ilinifika machoni, kilemba kikashuka mpaka kwenye nyusi, na wao walilala chali, macho wameyafumba au wanailaani dari. Nani ana nafasi ya kumchunguza muuguzi saa ile? Walichobaki nacho ni sauti yangu. Mimi nilikuwa nikiwanunia bure.

Muuza samaki akataka niseme ile ya bwana. Nilijua anataka nini: ni maneno niliyomwambia kila mama aliyemwita mumewe saa ya mwisho. Kaka akanikanyaga mguu, maana mgombea ni mtu wa heshima zake. Lakini meza zote za samaki zilikuwa zimenigeukia zikiningoja, nami nikavuta pumzi nikasema kama nilivyozoea kusema.

"Usimulilie bwana yako, yeye iko nyumbani analala. Sukuma, mama!"

Upande ule wote wa soko ulivunjika mbavu. Wanawake waliacha meza zao wakaja, kila mmoja na kisa chake. Mmoja alidai nilimchapa kofi la paja na akanionyesha mahali penyewe. Nikamwomba radhi. Akasema hapana, huyo mtoto sasa anasoma sekondari na ana akili sana.

Kalenda zilizobaki tuliwaachia wauza samaki. Tuliazima kipaza sauti, nikapanda nyuma ya pikipiki, na kila mtaa nilisema kwanza ile ya bwana, kisha nambari yangu kwenye mashine ya kupigia kura. Siku ya kwanza kaka alifuata mbali kidogo kwa aibu. Siku ya tatu alikuwa akiisema yeye mwenyewe, vibaya, na wanawake wakimsahihisha.

Matokeo ya kituo chetu yalibandikwa kwenye ukuta wa shule. Niliogopa kusogea, kaka ndiye aliyesoma. Kura zangu pale zilizipita za wengine wote. Na orodha ya mwisho ilipotangazwa redioni, jina langu lilikuwemo. Nililia, kisha nikacheza barabarani mchana kweupe, na goti hili bovu, na sioni haya kulisimulia.

Siku ya kwanza bungeni Kinshasa, mlinzi wa mlangoni aliwapitisha wanaume saba mbele yangu bila neno. Mimi akanizuia. Alikuwa mtu wa Lubumbashi, akaniuliza kwa Kiswahili cha kwao: "Mama, unasindikiza honorable gani?"

Hasira ilipanda, kisha ikashuka. Huyu hakuwa na namna ya kunijua. Angekuja kunijua tu.

"Sisindikize mutu," nikamwambia. "Honorable ni miye, wa Bunia. Unionyeshe kiti yangu."

Alisoma karatasi yangu mara mbili, akanyoosha koti lake, akatangulia kunionyesha njia. Majina yalipoitwa, nilisimama nikaitika kwa sauti, na wale wanaume saba wakageuka kunitazama. Nikawaacha wanitazame mpaka washibe, kwa maana nilikuja kudai vitanda na tungeonana kila siku.