Waswa Kwenye Sinema ya Mwanawe

Waswa, fundi wa kuchomelea vyuma hapa Obunga, ni jirani yangu na ni mchache wa maneno. Ukimsalimu asubuhi, jibu utalipata mchana. Mwanawe Brandon alirithi ukaidi huo huo, na tangu alipotahiriwa hospitalini hapa Kisumu hawajawahi kuelewana. Mbukusu hutahiriwa kwao Bungoma, uani kwa babake, amepakwa tope la mtoni, amesimama wima bila kupepesa jicho, na baba yupo anashuhudia. Waswa alimnyima mwanawe siku hiyo, wala hakusema kwa nini. Binamu za Brandon wakamwita mwoga. Wengine wakanong'ona kuwa huyu si damu ya Waswa.

Juzi Brandon, sasa mtu mzima mwenye ndevu, alionyesha sinema yake ya kwanza katika ukumbi wa kanisa. Ilikuwa ya baba na mwana. Waswa alikuja, akaketi karibu na mlango. Mkewe, Nasike, alinishika mkono kwa nguvu.

"Akitoka kabla iishe, Mama Lorna, huyo mtoto hatakuja kwangu tena."

Kusema kweli, sinema ilikuwa mbovu. Midomo ilitangulia, sauti ikafuata nyuma kama mkokoteni. Tope la mtoni lilichotwa ziwani, magugu na yote. Baba aliigizwa na Oketch, muuza samaki wa Asembo Bay asiyejua hata salamu ya Kibukusu. Na ngariba alipomsogelea kijana, Oketch akaangua kilio, kamasi zikimchuruzika.

Ukumbi mzima ukacheka.

"Brandon, hapo umeharibu!" alipiga kelele Wechuli, ndugu yake Nasike. "Mwanamume hawezi lia hapo!"

Waswa akasimama. Nasike akafumba macho. Brandon alibaki kando ya mashine ya kuonyeshea sinema akimkodolea babake macho, nami nikamlaani mzee huyo kimoyomoyo.

"Wechuli, nyamaza," Waswa alisema. "Brother yangu mkubwa alimwaga damu kwetu pale uani mpaka akakufa. Mimi nikiwa naona. Sasa huyu ningempeleka hapo namna gani? Ningelia. Ningelia hivyo tu."

Akamgeukia mwanawe.

"Rudisha nyuma, Baba. Hapo kwa kulia. Nataka kuona tena."

Brandon alijaribu kurudisha, lakini alibonyeza kwa nguvu hadi mashine ikayumba, ikabidi Waswa aende kumshikia.