Bata Mzinga wa Tencha

Asubuhi ya mwisho mke wangu Tencha alikuwa analikenulia birika.

Birika letu ni la chuma cha kung'aa. Alisimama mbele yake, shavu moja kalivimbisha, jicho moja kalifumba nusu, shingo kaivuta mbele kama ndege aliyesikia anasengenywa. Mayai yalikuwa yanaungua.

"Tencha, mayai."

"Subiri. Nimekaribia kuupata."

"Kuupata nini? Umestaafu."

"Uso wa Gobi akilamba limau. Sijawahi kuupatia." Akageuka, akanitazama kichwani. "Na wewe manyoya yako yamebaki mangapi? Chana nywele basi, mzee, watu watadhani nakulaza bandani."

Tulikula mayai yaliyoungua, na pilipili. Akaenda kumwagilia mlimau. Maji yalitiririka mpaka barabarani, ndipo nikatoka kwenda kumgombeza. Alikuwa amelala ubavu chini ya mti, mpira wa maji bado uko mkononi. Moyo, alisema daktari.

Hayo siongezi. Nataka kusema habari ya Gobi. Siku ya mazishi watu walimsifu Tencha kwa mapishi na kwa upole. Upole! Tencha hakuwa mpole hata kidogo. Na hakuna aliyemtaja yule ndege, ila Orville peke yake, aliyefanya naye kazi.

Tencha alizaliwa hapa hapa Burbank, nyuma ya kiwanda cha eropleni. Baba yake aliosha magari. Mtoto alichora kwenye mifuko ya mkate, akimaliza mifuko anachora ukutani, akichapwa anamchora anayemchapa. Studio ya katuni ilimchukua akiwa msichana. Kwanza alipaka rangi, kisha akapewa picha za katikati. Kazi yenyewe ni hii: mchoraji mkubwa anachora mguu umeinuka, kisha anachora mguu umetua. Safari yote ya mguu, kutoka juu hadi chini, ni ya mtu kama Tencha. Jina lake linapita mwishoni mwa filamu, watu wakiwa wamesimama wanatafuta funguo za gari.

Kila mchoraji pale ana kioo mezani. Si cha kujipamba. Unakifanyia sura, halafu unaichora. Mara ya kwanza nilipompelekea chakula nilidhani nimekosea mlango nikaingia kwa vichaa: watu wazima, wengine wamevaa tai, kila mmoja anakenulia kioo chake na hakuna anayemcheka mwenzake. Tabia hiyo Tencha aliileta nyumbani. Vijiko, birika, dirisha la basi. Kanisani aliifanyia sura sahani ya sadaka, mama yangu akamfinya.

Basi ikaja filamu ya simba wa milimani. Jina lake Valero. Mzuri, kifua mbele, haogopi kitu. Anavuka milima ya theluji kumtafuta mama yake. Nyuma yake anakwenda bata mzinga, Gobi: mnene, mwoga, mdomo hauna breki. Kila akiogopa, unyoya unamdondoka. Puu! Watoto wanacheka. Ndiyo kazi aliyopewa, watoto wacheke wasisinzie.

Meza ya simba walikaa wachoraji wakubwa, penye madirisha. Meza ya bata mzinga ilikuwa karibu na choo.

"Habari za bandani, kuku?" watu wa simba waliwaita wakipita.

"Nzuri, paka," Tencha anajibu. "Leo umeshalamba maziwa yako?"

Sasa sikiliza jambo hili, maana ndilo lenyewe. Kila kipande kipya cha filamu kilipoanza, wachoraji walimrudishia Gobi manyoya yote. Ndivyo katuni zilivyo. Mtu anaangukiwa na jabali, kufumba na kufumbua anaibuka mzima. Tencha akakataa. Unyoya ukidondoka, umedondoka. Akawa anazunguka na kifutio, anafuta manyoya kwenye karatasi za wenzake.

"Dada, umemnyonyoa ndege wangu!"

"Sijamnyonyoa. Aliogopa kule mtoni. Hukuwepo?"

Kwa hiyo Gobi alianza safari mnene kama mto wa kulalia, akafika kwenye theluji karibu uchi. Watu wanacheka wakimwona anatetemeka. Hawajiulizi kwa nini ana baridi. Ana baridi kwa sababu manyoya aliyaacha njiani, na aliyaacha njiani kwa sababu hakutaka rafiki yake aende peke yake. Simba hana woga. Asiye na woga akienda vitani, ametoa nini? Gobi alitoa kila unyoya! Nikisema yule ndege si wa kuchekwa tu, watu wananiona mzee nimechanganyikiwa. Na wanione.

Filamu ikawa ndefu mno. Alikuwa amekuja mkubwa mpya, Bwana Kessler, katokea kwenye biashara ya magodoro. Akatazama kazi yote, akasema, "Huyu bata mzinga hafanyi kitu. Simba anatosha. Ijumaa tutazame mara ya mwisho, halafu mtoeni." Ndege akitoka, meza yake yote inakwenda nyumbani. Na miaka ile yote ya Tencha inakwenda kwenye pipa.

Jioni ile alirudi, akapita mbele ya birika, hakulifanyia chochote. Hapo ndipo nilipoogopa.

Akaanza kusukuma tortila, chapati za kwetu, amenipa mgongo. Anasukuma na kusema, anasema na kusukuma. Mimi nimekaa kwenye kiti changu, naitikia. Mbwa wa jirani akaingia uani, nikatoka kumfukuza na kufunga geti. Niliporudi, Tencha alikuwa amegeuka, mti wa kusukumia kauelekeza kwenye kiti changu kitupu.

"Ulikuwa wapi?"

"Kufunga geti."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu uliposema Kessler kichwa chake kimejaa sufi."

"Chebo! Hiyo ni zamani! Nimekuwa naongea na kiti!"

"Kimekujibu?"

Hakucheka. Akakitazama kiti, akanitazama mimi, akakitazama kiti tena. Halafu akaketi sakafuni, pale pale kwenye unga, na kicheko kikamtoka mpaka machozi.

"Toka nje," akasema.

"Nimefanya nini?"

"Toka, halafu urudi. Nataka kuona."

Nikatoka, nikarudi. Akanitoa tena. Yeye anaongea na kiti kikiwa na mtu, anaongea na kiti kikiwa kitupu, huku anajitazama kwenye birika. Jirani akachungulia juu ya ukuta.

"Chebo, umefukuzwa?"

"Bado sijaambiwa," nikamjibu.

Alichokiona ni hiki. Simba anachorwa kwenye karatasi zake, bata mzinga kwenye zake. Karatasi zinapitisha mwanga, zinapangwa moja juu ya nyingine chini ya kamera, ndipo wanaonekana wako pamoja. Ukitaka, unaweza kuondoa za mmoja na kuacha za mwenzake. Lakini simba alikuwa ameshachorwa akimtazama Gobi. Hilo walilisahau wote, hata waliomchora.

Kesho yake asubuhi akamwendea Orville, mtu wa kamera, mzee wa Pasadena mwenye sauti nzito ya kwaya.

"Orville, nipigie kile kipande cha theluji. Simba peke yake."

"Nani kaagiza?"

"Kessler mwenyewe. Si kasema simba anatosha?"

Orville alivua miwani akaifuta, kwa jinsi alivyocheka.

Ijumaa wakaingia chumba cha jasho. Ndivyo wanavyokiita. Hakina dirisha, mkubwa anakaa mbele anatazama kazi yako, na wewe nyuma yake unalowa mgongo. Desturi ya mle, mtu wa picha za katikati hasemi neno. Anasimama mlangoni. Tencha akasimama mlangoni. Taa zikazimwa.

Simba peke yake kwenye theluji, wa penseli tu. Anatembea. Anasimama, anageuka, anatazama chini. Hakuna kitu. Anasubiri. Anatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa upuuzi. Anacheka. Na nani? Upepo unazidi. Yule simba mkubwa anajilaza, anajikunja taratibu, mikono kaizungushia hewa tupu, kidevu kakiweka juu ya hewa tupu, kama mama anayefunika mtoto. Anafumba macho. Halafu mkia wake unanyooka wenyewe, unavutwa, unavutwa tena, na simba anaamka, anasimama, anaendelea na safari.

Mtu akakohoa. Kessler akasogea mbele ya kiti.

"Bata mzinga yuko wapi?"

Akagonga mkono wa kiti.

"Nauliza, yule ndege yuko wapi?"

Kutoka chumba cha mashine ikaja sauti ya kwaya: "Si umemtoa, bosi!"

Chumba kikalipuka! Watu wa simba walikuwa wa kwanza, wanapiga mapaja, mmoja kadondoka kutoka kitini. Kessler akageuka amekuja juu, akawatazama mmoja mmoja, mwisho naye kicheko kikamshinda. Alicheka mpaka akalegeza tai.

"Mrudisheni," akasema. "Mrudisheni upesi. Huyu paka akiwa peke yake ananitia huzuni."

Orville akaweka kile kipande kizima, na Gobi wake ndani. Unyoya wa mwisho ukadondoka kwenye theluji. Safari hii hakucheka mtu. Wakamwona simba anajikunja kumfunika yule ndege uchi. Wakamwona Gobi anamvuta mkia kwa mdomo, anatetemeka, anavuta tena, maana mwenzake akiendelea kulala pale atakufa. Mchoraji mkuu wa simba, mtu ambaye alikuwa hajawahi kumsalimia Tencha kwa jina, akasema bila kugeuka:

"Unyoya haukurudi."

Na Tencha, kutoka mlangoni, desturi au si desturi: "Haurudi."

Nilijua kabla Tencha hajafika nyumbani. Honi ilianza kulia tangu kona ya barabara. Nyuma yake gari la Orville, nalo linapiga honi, na bia kwenye kiti cha nyuma.

"Amebaki!" Tencha anapiga kelele hata hajafungua mlango. "Chebo, amebaki! Mpaka vidole vya miguu, amebaki!"

Ilibidi tuifanye yote upya jikoni. Orville akawa Kessler. Mimi nikapewa simba.

"Jikunje."

"Kwa mgongo huu?"

"Simba hana mgongo mbovu. Jikunje!"

Nikajikunja sakafuni kuizunguka sufuria ya maharage, na Tencha akawa Gobi, ananivuta mkanda kwa meno, anatetemeka mashavu yote mawili. Orville akauliza kwa sauti ya kanisani, "Bata mzinga yuko wapi?" na kutoka juu ya ukuta jirani akajibu, "Yuko hapo, anamng'ata mumewe!"

Kulikuwa na furaha katika nyumba hii. Niandike hilo pia.

Siku hizi mimi ndiye ninayeongea na kiti. Natazama chini, nasubiri, natikisa kichwa, nacheka. Akichungulia mtu dirishani ataona mzee peke yake. Asidhani nina wazimu. Nimechorwa namtazama yeye.

Jumamosi iliyopita waliionyesha tena ile filamu, bustanini, kwenye shuka kubwa. Orville alikuja kunichukua na fimbo yake. Nilikataa, akakaa sebuleni mpaka nikavaa viatu. Watoto walijaa kwenye mablanketi. Gobi alipotokea tu, kelele! Wanamjua, wanamwita, "Gobi! Gobi!" kana kwamba ni mjomba wao amekuja na zawadi. Valero hawakumwita. Orville akanipiga kiwiko. Nikampiga na mimi.

Ikafika theluji. Wakanyamaza. Nyuma yangu msichana mdogo akamwambia baba yake, polepole, "Hana tena manyoya. Ameyamaliza yote kwa ajili ya rafiki yake."

Tencha, kuna aliyeona! Nilisimama. Waliokaa nyuma wakasema, "Keti, mzee, tunataka kuona," na mimi nimesimama tu, siwezi kukaa, Orville ananivuta koti. Kazi ya miaka yote ile, na mtoto wa kwenye blanketi kaiona yote kwa mara moja!

Halafu nikautazama mwendo wa Gobi. Mguu wa kushoto unatangulia, wa kulia unaburutwa nyuma, kama unafikiria kwanza. Ni mguu wangu. Nilikuwa fundi wa kupiga lipu. Nilianguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi, na baada ya hapo kila asubuhi nilipanda ngazi nikitetemeka. Sikumwambia mtu. Tencha hakuuliza. Alikuwa anasimama dirishani na kikombe chake, ananitazama ninavyoliendea gari.

Jioni ile ya honi, Orville alipokwisha kuondoka, nilimuuliza kwa nini kamnyang'anya mumewe mwendo akampa bata mzinga. Alikuwa ananipakulia maharage, uso bado mwekundu kwa kucheka. Akasema:

"Nilikuwa natafuta mtu anayeogopa na bado anakwenda, na huyo alikuwa amekaa jikoni kwangu anadai chakula. Haya, kula."