Binamu wa Galaksi ya Pili

Kilichoninyima usingizi Alhamisi ile hakikuwa ukosefu wa kazi. Huo nilikuwa nimeuzoea kama watu wa Kitale walivyozoea baridi: unavaa sweta, unaendelea. Kilichoninyima usingizi ni busu. Wala halikuwa busu langu. Lilikuwa la watu wawili walioko galaksi nyingine, ndani ya diski ya sita, nalo lingeonekana Jumamosi saa kumi jioni mbele ya watu wapatao arobaini ambao mimi mwenyewe, kwa kinywa changu, nilikuwa nimewaambia kwamba wale wawili ni binamu.

Niliwaza hivi: mtu akitangaza undugu usiokuwepo, kisha hao ndugu zake wa uongo wakapendana, kosa ni la nani? La waliopendana au la aliyetangaza? Nikageuka upande wa pili wa kitanda. Upande huo nao ulikuwa na swali lake.

Afadhali nieleze nilifikaje hapo. Nilikuwa msichana aliyehitimu fizikia mwaka uliotangulia, nikaandika barua nyingi za kuomba kazi, na majibu yakawa machache na ya adabu sana. Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa na ukumbi wa video pale Matisi: chumba cha mabati, magunia meusi madirishani, mabenchi ya mbao, televisheni moja na deki iliyopaswa kupigwa kofi kidogo kabla ya kukubali diski. Watazamaji wetu hawakuja kusikiliza Kizungu. Sauti ya filamu ilishushwa, na mtu mmoja akiwa na maikrofoni aliwasimulia kila kitu kwa Kiswahili, huku akiongeza chumvi. Msimuliaji wetu alipohamia Eldoret, mjomba alinitazama kama mtu aliyeokota kitu chake mwenyewe.

"Wewe umesoma," aliniambia. "Si utasema tu?"

Nikasema tu. Wakaniita Profesa. Kwa mara ya kwanza tangu nivue joho la mahafali, kulikuwa na watu walioningoja mahali fulani, saa fulani, na waliokasirika nikichelewa. Nilianza kutembea nikiwa nimeinua kichwa hata nilipokuwa nimetumwa chumvi dukani.

Mfululizo tulioanza nao ulihusu kikosi cha watu waliosafiri nyotani kupitia mlango wa chuma. Ukumbi mzima uliupenda, hasa kamanda wake, mzee mwenye mvi asiyecheka. Ulipokwisha, mjomba akarudi kutoka Bungoma na bahasha ya diski mpya, akifurahi kwamba amepata mwendelezo. Haukuwa mwendelezo. Ulikuwa mfululizo mwingine uliozaliwa na ule wa kwanza: mlango ni ule ule, lakini watu ni wapya kabisa, na wanakwenda galaksi nyingine ambako hata hawajui kama watapata njia ya kurudi.

Jumamosi ya kwanza, dakika ya tano, vurugu zikaanza.

"Hawa ni akina nani?" aliuliza mama mmoja aliyeuza nyanya sokoni na aliyekaa benchi la mbele kila wiki, beseni lake katikati ya miguu. "Profesa, watu wetu wako wapi?"

"Ati umetuletea wageni?" sauti nyingine ikatoka nyuma. "Mzee yuko wapi, bana?"

Watu wakaanza kuinuka. Mjomba alipita nyuma yangu, akaninong'oneza, "Sema kitu."

Ningeweza kusema ukweli, kwamba hawa ni watu wapya na tuwape nafasi. Lakini nilikulia huku. Najua kwamba mgeni akifika nyumbani haulizwi anafanya kazi gani. Anaulizwa yeye ni wa nani. Basi nikakohoa kwenye maikrofoni nikasema, "Kamanda huyu kijana ni mtoto wa dada yake yule mzee."

Ukumbi ukaketi.

"Aah," mama wa nyanya akasema. "Ndiyo maana ana pua ile."

"Na huyu msichana fundi wa mitambo?"

"Huyo ni binti ya mzee mwenyewe," nikajibu, ulimi ukiwa umeshika kasi. "Mzee amebaki nyumbani na maumivu ya mgongo. Amewatuma hawa."

Ilikuwa tamu mno. Tangu siku hiyo kila mtu wa kikosi akapata ukoo. Watu walianza kuzungumzia msafara ule kama habari za nyumba ya jirani. Kijana akimwokoa msichana kutoka kwa majitu ya rangi ya majivu, mama wa nyanya alipiga makofi: "Mnaona undugu? Binamu yako ndiye atakufia!" Diski ya nne walianza kutazamana kwa muda mrefu kidogo. Ukumbi ukaguswa na upendo wa familia. Mimi nikaanza kutokwa jasho.

Kila Alhamisi asubuhi nilitazama diski peke yangu ili nijiandae. Ndipo nilipoona ya sita. Wanabusiana, halafu wanaomba ruhusa kwa mkubwa wa msafara wote, aliye juu ya kamanda, waoane.

Nilipima njia zote. Niseme hewa imepungua chomboni na kijana anampulizia? Nikarudi kuhesabu: busu lilichukua karibu nusu dakika, kisha wakapumzika, kisha wakarudia huku wakitabasamu. Hakuna mgonjwa wa hewa anayetabasamu. Niseme stima imepotea? Jenereta ya kinyozi wa jirani isiponguruma ingenisaliti. Niseme diski imeharibika? Wangengoja nyingine, nami ningekonda zaidi.

Ijumaa nikaenda Mabanga, karibu na Bungoma, kwa senge wangu, dada yake baba. Hakuna mtu katika ukoo wetu anayezijua koo kama yeye. Ameshavunja uchumba mara mbili kwa kuuliza tu jina la bibi wa bwana harusi. Nilimkuta akichagua maharagwe kwenye ungo.

"Senge," nilianza, "kuna kijana na msichana nawajua. Mama ya kijana ni dada ya baba ya msichana. Sasa wanataka kuoana."

Ungo ukasimama hewani.

"Ni mtoto wa nani?"

"Nani?"

"Huyo kijana anayekusumbua! Nilijua. Mtu hawezi kukaa mwaka mzima Kitale bila kazi kama hakuna kitu. Ati kwa mama yake ndiyo anataka kuoa? Na wewe ukakubali?"

"Senge, si mimi!"

"Kila mtu huanza hivyo. 'Kuna msichana namjua.'"

Ilibidi nimwambie yote: ukumbi, mlango wa chuma, galaksi. Alisikiliza bila kupepesa macho, akitoa maharagwe mabovu moja moja.

"Huko ni mbali?" aliuliza.

"Mbali sana, senge."

"Kupita mji wa Kwanza?"

"Kupita jua."

"Hata kama. Ukoo hauishi kwa sababu ya mbali." Akafikiri. "Sasa, nani alisema hao ni ndugu?"

"Mimi."

"Nani alikutuma?"

"Hakuna."

"Basi unanisumbulia nini maharagwe? Uliweka ukoo wa uongo mbele ya watu, utautoa mbele ya watu hao hao. Hautolewi jikoni kwangu." Kisha, nikiwa naaga, akaniita. "Na huyo kijana, tabia yake ni nzuri?"

"Nzuri."

"Hanywi?"

"Huko hakuna pombe, senge."

"Mh," alisema, akiwa na masikitiko kidogo. Nadhani alikuwa ameanza kumtafutia mke mwingine.

Jumamosi ukumbi ulijaa kabla ya saa kumi. Fundi wa nguo aliyekuwa na cherehani karibu na msikiti alikuja moja kwa moja kutoka sala ya alasiri, kofia yake kichwani. Mama wa nyanya aliniwekea nyanya mbili juu ya deki, kama kawaida yake. Nyanya zile ndizo zilizonimaliza. Nilijua nikisema ukweli, huenda zikawa za mwisho.

Diski ilifika mahali pake. Wawili wale walisimama dirishani, nyota nyuma yao, nyuso zikaanza kusogeleana. Nikabonyeza kitufe. Picha ikaganda, midomo ikiwa imebakiza kama upana wa kidole.

"Stima?" mtu akauliza.

"Si stima," nikasema kwenye maikrofoni, na sauti yangu ikarudi kutoka kwenye spika. "Nina jambo. Hawa wawili si binamu. Hawana undugu wowote. Wala na yule mzee hawana. Nilitunga mimi."

Mama wa nyanya akageuka polepole, akaniangalia kwa huruma iliyonitisha kuliko hasira.

"Profesa," alisema, "wamekupatia nini?"

"Akina nani, mama?"

"Upande wa msichana. Si wanaona kijana ni kamanda? Wamekuja kwako wakakwambia, 'Sema si ndugu, harusi ipite.'"

"Amekula!" mtu akapiga kelele nyuma. "Amekula mahari na haijalipwa!"

Ukumbi ukalipuka. Fundi wa nguo akainua mkono. "Jamani, nini hii kelele? Sisi kwetu binamu ni halali. Mimi mwenyewe mke wangu ni binti ya ami yangu."

"Ndiyo maana unashona suruali miguu haitoshani!" alijibiwa, naye akacheka kuliko wote.

"Kwa mama yako hauoi!" mama wa nyanya akasema, akigonga beseni. "Hata kwa hiyo nyota! Watoto watatoka vipi?"

Katikati ya zogo hilo mjomba alinisogelea kutoka mlangoni. Uso wake ulikuwa na furaha ya mtu aliyepata dawa.

"Sema kijana aliokotwa," aliniambia sikioni. "Dada ya mzee alimwokota, akamlea. Damu haiko. Sema, haraka!"

Ilikuwa nzuri, sikatai. Ilikuwa imetimia pande zote. Nilishaiona hata picha yake: usiku wa mvua, kikapu mlangoni, mama anayelia. Ukumbi ungenyamaza, mama wa nyanya angefuta machozi kwa kanga, harusi ingepita, na mimi ningebaki Profesa. Nilifungua mdomo. Nikaona pia Jumamosi ijayo, wakiniuliza aliokotwa wapi, na mama yake halisi ni wa nani, nami nikijibu, na nikijibu tena.

Nikaizima maikrofoni. Nikaiweka juu ya deki, kando ya nyanya. Nikapandisha sauti ya filamu yenyewe, sauti ambayo watu wale hawakuwahi kuisikia, nikabonyeza kitufe, kisha nikazunguka meza nikaenda benchi la mbele. Mama wa nyanya akasogeza beseni lake kwa mguu, nikaketi.

Busu likapita. Mtu alipiga mluzi, mwingine akasema astaghafirullah, na sikujua kama ni fundi wa nguo au mtu anayemwigiza. Kisha kijana akaanza kusema kitu, akiwa ameushika mkono wa msichana.

Mama alivumilia kidogo. Halafu kiwiko chake kikanigusa ubavuni.

"Sasa anasema nini?"

"Anasema hajui kama watawahi kurudi nyumbani."

"Si wakae tu huko," alisema, "na hiyo aibu." Akangoja. "Na msichana?"

Nikamsikiliza msichana mpaka mwisho, kisha nikainama nikamwambia mama neno kwa neno alichosema, bila kuongeza hata mjomba mmoja.