Kichupa cha Maji ya Kusuuzia

Siku moja naikumbuka, mwanangu, hata pale ninapojitahidi kuisahau. Ilikuwa Mbagala, jua kali, nami nilikuwa msichana mwenye kazi mpya na kiburi kipya. Kazi yetu ilikuwa kutoboa ardhi kwa keekee ya kuzungusha kwa mikono, kutoa udongo, kuutia kwenye mifuko na kuupeleka maabara ukapimwe kama una sumu. Siku hiyo tulipima uwanja ambao mafundi betri walikuwa wakimwaga tindikali miaka mingi, pamoja na bustani ya mchicha iliyopakana nao. Bustani ilikuwa ya Bi Tatu, mjane aliyesomesha wanawe kwa mafungu ya mchicha.

Mkuu wangu, Bwana Mushi, alinifundisha vizuri, sina wa kumsingizia. Anza palipo safi, umalizie palipo pachafu. Kila ukimaliza shimo, isugue keekee kwa sabuni na brashi, kisha uisuuze. Maji ya mwisho ya kusuuzia yakinge kwenye kichupa, nayo yapimwe, ili maabara wajue chuma chako hakikubeba uchafu wa shimo lililotangulia.

Yeye alikwenda ofisi ya serikali ya mtaa, akaniachia kazi. Jioni ile wageni walikuwa wanakuja kwetu kuniposa. Usinicheke, hata mimi nilikuwa binti. Nikaanza na uwanja wa betri kwa kuwa ndio uliokuwa karibu na gari. Nilipomaliza, miguu na viatu vimejaa tope jeusi, na dumu la maji lilikuwa moja tu. Nikaosha miguu. Nikaosha na viatu, taratibu, mpaka kwenye visigino. Keekee niliipangusa kwa gazeti, nikaingia nayo kwenye bustani ya Bi Tatu. Maji yaliyobaki nikayatia kwenye kichupa, maji safi ambayo hayakugusa chuma chochote, nikabandika lebo. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, lakini siku ile sikuwa natafuta baraka, nilikuwa natafuta mume.

Majibu yalipotoka, udongo wa Bi Tatu ulionekana una risasi, yale madini yaliyomo ndani ya betri. Kichupa kilikuwa safi, kwa hiyo hakuna aliyetia shaka. Bwana afya akaamuru mchicha wote ung'olewe. Mimi nilijua nilichofanya, na bado nikanyamaza.

Wiki chache baadaye nilitumwa kumpelekea Bi Tatu nakala ya majibu. Nilimkuta amekaa kizingitini, matuta yake matupu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia bila kunitazama. Nilidhani atalalamikia hasara. Kumbe alikuwa akipita nyumba kwa nyumba kuwaomba radhi wateja wake.

"Mie nimewalisha watu sumu, mwanangu," alisema. "Kuna binti hapo nyuma, mtoto wake mpaka leo hatembei. Alikuwaga anakula mchicha wangu mimba nzima."

Niliona aibu mpaka nikashindwa kuaga. Nilikwenda moja kwa moja kwa Bwana Mushi, nikamweleza yote. Hakupandisha sauti.

"Ungesahau kuosha keekee ningekuelewa," alisema. "Lakini kile kichupa ulikijaza mwenyewe."

Tukapima upya, safari hii tukianzia bustanini. Udongo wa Bi Tatu ulikuwa salama. Nikaenda kumwambia, nimepiga magoti. Hakulia wala hakunitukana. Alijifunga khanga yake vizuri, akasema, "Twende ukawaambie mwenyewe."

Tulipita kila mlango, na kila mlango nilisema aliyekosea ni mimi, si yeye. Wengine walinifungia. Wengine, kwa wema wao, walinipa pole, na mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, kwa hiyo pole zile ziliniuma zaidi. Nyumba ya mwisho ilikuwa ya yule binti. Tulikuta kufuli. Jirani akasema kahama na hajui kahamia wapi. Tuliuliza sokoni, tukauliza zahanati, tukauliza kwa mjumbe, miezi na miezi. Hatukumpata.

Bi Tatu alipanda tena, na watu wakanunua. Lakini mahali fulani katika mji huu yupo mama anayeamini kuwa alimlemaza mwanawe kwa mboga aliyokula, na hakuna aliyemwambia kuwa mboga ile haikuwa na kosa. Ninazeeka na hilo.

Sasa nawe unaingia kazi hii, mwanangu, nami nakuusia. Anza palipo safi. Osha chuma chako hata kama wageni wamefika mlangoni. Ukisahau, andika kwamba umesahau, kisha rudi ukachimbe tena, hata wakikucheka. Na ukikosea, sema siku hiyohiyo, wakati watu uliowakosea bado unajua wanapokaa.

Mungu akupe mikono safi na ulimi mwepesi wa kukiri. Na kila utakayekuwa na deni la ukweli kwake, Mungu akukutanishe naye angali nyumbani. Amina.