Kutoka Ole Kwenda Kuithibitisha Ndoa

Niliondoka Ole, Pemba, kwa sababu mke wangu anasoma. Zuwena ni binti wa mvuvi wa Tumbe, na alikuwa mwalimu wa sayansi katika sekondari ya kwetu kabla hajapata nafasi ya kusoma shahada ya uzamivu, Ulaya ya kaskazini, juu ya maradhi ya mwani. Masomo yake ni ya miaka minne. Wa kwanza aliumaliza peke yake, na aliumaliza vizuri. Nchi ile inamruhusu mume au mke wa mwanafunzi mgeni kuishi naye, ila sharti kwanza aombe kadi ya ukaazi, na maombi hayo hufanywa ubalozini Dar es Salaam. Mimi ni mkulima wa karafuu na muhogo. Shule niliiacha mapema, na mengi niliyonayo nimejifundisha mwenyewe kwa vitabu na redio. Nilisoma masharti ya kadi mpaka nikayaelewa, nikaanza safari.

Ole, asubuhi ya kuondoka, majirani walikuwa wanaanika karafuu. Bi Mkasi, ambaye hajapata kumwacha mtu apite bila ya neno, aliniita kutoka kwenye jamvi lake.

"Baba Sabra! N'kweli weye wamfuata mke Ulaya?"

"Kweli, Bi Mkasi."

"Wenda kufanya nini huko? Kumpikia?"

"Kumpikia pia. Yeye atakuwa maabara."

"Lo! Na akikutuma dukani?"

"Nitakwenda, nikishaijua njia."

Wanawake wote wakacheka, na mimi nikacheka. Kwetu wapo wake waliowafuata waume zao Unguja, Mombasa na Maskati. Mume wa kumfuata mke chuoni nilikuwa wa kwanza katika mtaa wetu, na nafasi hiyo niliipenda.

Chake Chake nilifikia Madungu, kwa binti yetu Sabra, ambaye ameolewa huko. Yeye ndiye aliyenipangia bahasha: cheti cha ndoa kutoka kwa kadhi, tafsiri yake, pasipoti na picha. Alipomaliza alinitazama kama mwalimu.

"Baba, huko watakuhoji. Usiwajibu kama unavyojibu hapa."

"Hapa najibuje?"

"Ukiulizwa saa, unataja saa. Na Mama ndiyo vile vile. Mtu hapati neno la ziada kwenu nyinyi."

Nikamwambia kwamba neno la ziada ndilo linalowatia watu matatani. Kwa heshima aliifunga bahasha, lakini sura yake haikukubali.

Mkoani nilipanda boti ya Unguja. Nilipofika Darajani, muuza kahawa aliniambia "Karibu Mpemba" hata sijamaliza kumsalimu, kwa kuwa lafudhi yetu haifichiki. Nililala kwa jamaa, na kesho yake nikavuka Dar es Salaam.

Ubalozini nilipokewa na Bi Neema, mtu wa bara, makini na mcheshi. Kazi yake ni kuwahoji waombaji na kuandika wanachosema. Uamuzi hufanywa na wengine. Alinieleza kwamba mke wangu naye atahojiwa kwa simu huko aliko, kila mtu peke yake, ili wahakikishe kwamba ndoa yetu ni ya kweli.

"Ndoa ilifungwa wapi, baba?"

"Msikitini, Tumbe."

"Mkeo alikaa upande gani?"

"Hakuwepo."

Akaacha kuandika. "Hakuwepo kwenye ndoa yake mwenyewe?"

"Hakuwepo."

"Baba! Mimi mume wangu angeniacha nyumbani siku ile, mpaka leo angekuwa anaomba msamaha."

"Kwetu ndiyo desturi," nikasema. Swali lilikuwa limekwisha, nami nikanyamaza. Nilitoka pale nikiwa na hakika kwamba nimejibu vizuri.

Ole tena. Nilikuwa shambani Zuwena aliponipigia simu.

"Wameniuliza ndoa ilifungwa wapi," akasema. "Nikawaambia nyumbani, Tumbe, chumbani kwa bibi yangu. Wakaniuliza kama ulikuwepo. Nikasema hukuwepo."

Nikamwambia niliyosema mimi. Mpemba yeyote angejua kwamba hakuna aliyesema uongo. Kwa mtu mwingine tulikuwa watu wawili wanaodai ndoa moja, kila mmoja akiiweka mahali pake, na kila mmoja akisema mwenzake hakuwepo.

Haukupita muda mrefu, taarifa ikaja kutoka ubalozini. Maelezo ya wanandoa hayalingani. Mume arudi na ufafanuzi wa kutosha, la sivyo maombi yatakataliwa.

"Wakikataa narudi," Zuwena akasema. "Miaka mitatu mingine peke yangu siiwezi."

"Na masomo?"

"Nimesema narudi."

Zuwena hasemi jambo kwa kutisha. Tangu siku ile sikuitafuta kadi kwa ajili ya kuwa naye tu. Niliitafuta ili asome mpaka mwisho.

Tumbe nilifika wakati samaki wanateremshwa. Mkwe wangu, Mzee Khamis, alikuwa dikoni akinadi samaki wake, changu na tasi, na wachuuzi wakifunga matenga yao kwenye baiskeli. Sikumkatiza. Alipomaliza alinawa mikono kwa maji ya chumvi, akanisikiliza.

"Wasemaje hao?"

"Wanasema ndoa yetu haieleweki, Baba."

"Haieleweki! Nani aliyeozesha kama si miye? Waambie waje wan'ulize."

"Hawaji. Sisi ndio tunaokwenda."

Akafikiri kidogo tu. "Basi n'takwenda. Kanzu safi n'nayo. Boti yaondoka lini?"

Mzee Khamis ameijua bahari maisha yake yote, lakini Dar es Salaam alikuwa hajafika. Kwenye boti alikaa karibu na kioo, na njia nzima alilalamika kwamba anavushwa ndani ya chupa, hata upepo hausikii unatoka wapi.

Dar es Salaam, mara ya pili. Bi Neema alimwamkia mzee, naye akaitikia "Marahaba, mwanangu," kisha akaanza kuuliza yeye.

"Umeolewa?"

"Nimeolewa, mzee."

"Nani alikuuliza kama wataka?"

"Padri, kanisani, mbele ya watu."

"Vyema. Kwetu aliyemuuliza ni miye, na si mbele ya watu. Siku ile Zuwena alikuwa nyumbani, chumbani, na shangazi zake. N'likwenda na mashahidi wawili, n'kasimama nyuma ya pazia. N'kamwambia, Zuwena, mwanangu, nikuoze kwa huyu mtu wa Ole? Sasa akisema hapana, miye msikitini siendi. Harusi imekwisha, pilau wale majirani."

Bi Neema alikuwa anaandika mbio. "Akasema nini?"

"Hakusema ndiyo wala hapana. Alin'uliza miye: Baba, ataniacha nisome?"

Niligeuka nikamtazama mkwe wangu. Neno lile nilikuwa sijawahi kulisikia.

"N'kamwambia, atakuacha. Akasema, basi nioze. N'kenda zangu msikitini, n'kamkuta huyu kakaa kwenye mkeka, jasho lamtiririka. N'kamshika mkono, n'kamuozesha, akakubali. Kisha ndipo akaja nyumbani akampa mkono mkewe. Ndoa moja, mahali pawili. Bibi harusi anaridhia kwao, bwana harusi anapokea msikitini, na anayetembea baina yao ni walii, ndiyo miye."

"Na huyu ulimuuliza kama atamwacha asome?" Bi Neema akanielekezea kalamu.

"Sikumuuliza. N'likuwa nishamjibia."

Bi Neema alitukazia macho wote wawili, akainuka, akaingia chumba cha pili kupiga simu. Nilikuwa nimefunga ndoa kwa sharti ambalo sikuambiwa, na nikahesabu moyoni: chuo cha ualimu, akiwa na Sabra mgongoni, shahada ya kwanza, Unguja, sasa hii. Hakuna hata moja niliyomzuia. Kifua changu kilijaa, na sioni haya kuliandika hilo.

Bi Neema akarudi. "Nimemuuliza mama alimwambia nini baba yake nyuma ya pazia. Maneno ni yale yale, na mimi sikumtajia hata moja." Akaketi. "Kuamua siyo kazi yangu, wazee wangu. Ila nitaiandika hii kuanzia chumbani mpaka msikitini."

Tulirudi Pemba kungoja. Kadi ilipotoka nilikwenda kuichukua peke yangu. Ina picha yangu na majina yangu matatu, na chini yake imeandikwa kwamba mimi ni mwenza wa mwanafunzi. Sijapata kuwa na cheo ofisini wala chamani. Hicho nilikisoma mara kadhaa nikiwa bado nimesimama ngazini.

Mkoani nilishuka kwenye boti nikiwa na kadi mfukoni. Kwa mtu wa kwetu atakayekwenda njia hii, nililojifunza ni hili: tunayoyajua sote hapa hatuyaelezi, na huko hakuna ayajuaye. Ukiulizwa ndoa yako ilifungwa wapi, usitaje mahali ukanyamaza. Anzia nyumbani kwa bibi harusi, ufuate hatua za walii. Mimi kwa miaka yote hii nilijua nusu ya msikitini, nikidhani ndiyo yote.

Hapo hapo bandarini nilimpigia Zuwena simu, nikamwambia kadi ninayo. Alimshukuru Mungu kwa sauti, kisha nikamsikia analia. Nilimngoja, halafu nikamuuliza lile lililokuwa linanikereketa.

"Mbona sharti lako hukuniambia siku zote hizi?"

"Ungelijua, ungeniacha nisome ili kutimiza ahadi ya baba," akasema. "Mimi nilitaka kuona utafanya nini kwa hiari yako."

"Umeona?"

"Nimeona. Njoo."